Maji Yakitoka Ndani ya Nyumba, Usianze na Fundi wa Rangi

Najua wengi wenu mnaingia hapa kutafuta habari za mbegu, mbolea na bei za mazao. Leo natoka shambani kidogo, nizungumzie nyumba. Kila baada ya mvua kubwa napigiwa simu za aina moja: "Bwana shamba, maji yameingia ndani, kuna watu wamekuja wanasema watairudisha nyumba kama ilivyokuwa, wanataka nusu ya hela. Niwape?" Jibu langu huwa hapana, na wengi hawalipendi. Naliandika hapa kwa kirefu ili ujue sababu zake kabla mvua nyingine haijakufikia.

Msimamo wangu ni huu. Mwezi wa kwanza baada ya maji kutoka, watu wa kuwalipa ni wawili tu: vijana wa kukusaidia kutoa tope, na fundi wa kuja kuangalia kama nyumba bado imesimama salama. Lipu, rangi na sakafu mpya ni kazi za baadaye. Anayekuja na ndoo ya rangi wiki ya pili, hata awe mtu mzuri kiasi gani, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sisi wa Mkoa wa Morogoro si wageni wa jambo hili. Kilosa ilipigwa na mafuriko ya Mto Mkondoa mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, watu wakaishi kwenye mahema. Januari 2014 maji yalikata barabara ya Morogoro kwenda Dodoma pale Dumila. Wenzetu wa Rufiji na Kibiti waliona yao Aprili 2024, na Katesh kule Hanang tope lilishuka mlimani tarehe 3 Desemba 2023. Kila mara, maji yakishaondoka, pesa za watu nazo huondoka kwa njia ya pili: ukarabati wa haraka ambao msimu ukigeuka unabanduka wote.

Siku hizi kwenye simu kuna matangazo ya kampuni za kurekebisha nyumba zilizoingiliwa na maji. Kazi hiyo ipo kweli, na huko Marekani ni biashara kubwa. Lakini angalia nyumba zao. Nyingi zina fremu za mbao, kuta za ndani ni jipsamu, chini kuna zulia. Ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo wanawahi na pampu, mafeni makubwa na mashine za kufyonza unyevu hewani. Ni kazi ya saa na siku. Nyumba ya tofali la kuchoma au tofali bichi, sakafu ya saruji au udongo, haikaushwi hivyo, na umeme wa kuendesha mafeni yale mchana na usiku hapa kijijini hatuna. Kinachobaki kwenye tangazo ukishaondoa mashine ni nini? Lipu na rangi.

Sisemi kampuni hazina kazi kabisa. Kama una duka kubwa mjini, lenye dari la jipsamu, kabati za mbao na mali ya mamilioni, pampu na mafeni vinaweza kukuokolea zaidi ya unacholipa. Kama jengo lako lina bima, isome kabla ya kugusa kitu: tazama kama neno mafuriko limo, maana maji ya bomba lililopasuka na maji ya mto ni vitu viwili tofauti kwa watu wa bima. Ila wengi wenu hamna bima ya nyumba, na hilo tuliache.

Sasa kabla hujamwita mtu yeyote. Umeme kwanza: zima swichi kuu, na kama kuifikia ni lazima ukanyage maji, usiifikie, piga simu TANESCO. Usiwashe tena mpaka fundi umeme amefungua soketi zilizolowa akaziangalia. Kisha zunguka nyumba kwa nje. Ukuta uliolala upande, ufa unaoanzia kwenye msingi na kuingiza kidole, au kona iliyochimbwa na maji chini, ni sababu ya kutolala ndani usiku huo. Piga picha kila kitu kabla hujafagia, na nenda kwa mtendaji wa kijiji uandikishwe. Kama kuna msaada utakaokuja, utafuata orodha, na aliyesafisha kabla ya kupiga picha hana cha kuonyesha.

Tope litoe likiwa bichi. Likishakauka ni kama zege, utalipa mara mbili kulibandua. Na kumbuka maji yale yamepita vyooni kwa watu wote juu yako. Vaa buti, osha sakafu kwa sabuni kisha kwa dawa ya klorini, watoto wakae mbali. Maji ya kisima kilichofunikwa na mafuriko usiyanywe bila kuyatibu au kuyachemsha. Hayo mnayajua, sitayarudia.

Nikae hapa kwenye ukuta, maana ndipo hela inapopotelea.

Maji hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Mafuriko yakifika magotini, unyevu ndani ya ukuta unaweza kufika kiunoni. Kwa nje, jua la siku tatu linafanya ukuta uonekane mkavu na wewe unafurahi. Ndani bado umelowa. Mafundi wa nchi za baridi wana kipimo chao cha zamani: mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Huku jua letu ni kali na ukuta ukiachwa wazi unaweza kwenda haraka zaidi, lakini mimi ukuta wa inchi 6 siuamini kabla ya miezi miwili kamili, na kama mvua zinaendelea, mitatu.

Ukiupiga lipu na rangi kabla ya hapo, unafungia maji ndani. Yatatafuta pa kutokea. Baada ya wiki kadhaa rangi inavimba malengelenge, kisha unga mweupe unatokea, ule ambao watu wanauita magadi. Ni chumvi zilizokuwa kwenye tofali na udongo, maji yamezibeba hadi juu na kuziacha hapo. Fundi akiitwa anasema, "Mama, rangi yako ilikuwa feki, nunua ya bei kubwa." Rangi haina kosa. Unga huo ufagie kwa brashi kavu, usiuoshe kwa maji, maana maji yanaurudisha ndani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kwenye ukuta ni kuvua. Lipu iliyolowa na kulegea ibanduliwe mpaka futi moja na nusu juu ya alama ya maji, ukuta ubaki uchi, madirisha na milango iachwe wazi mchana. Kazi hiyo kijana wako na nyundo anaiweza.

Kujua kama umekauka, kipimo cha bei ndogo ni kipande cha nailoni nyepesi, upana wa kama futi moja na nusu kila upande. Kibane ukutani kingo zote kwa vipande vya mbao na misumari, hewa isipite. Kiache tangu jioni mpaka kesho yake jioni. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado unatoa maji. Rudia baada ya wiki mbili. Fundi akikucheka kwa kipimo hiki, tafuta mwingine.

Nyumba za tofali bichi na za miti na udongo zina jambo lake peke yake, na hapa nagombana na mafundi wengi. Wanapenda saruji. Ukuta wa udongo ukishalowa wanataka kuuvika lipu ya saruji "ili maji yasiingie tena". Ukuta wa udongo kuvikwa saruji ni sawa na mtu aliyelowa kuvishwa koti la mvua. Unyevu unaopanda kutoka chini hauna pa kutokea, udongo nyuma ya lipu unalainika, na siku moja lipu inaanguka na kipande cha ukuta. Pwani hili linajulikana tangu zamani. Nyumba za Mji Mkongwe Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa inapumua; wanaozihifadhi huzirekebisha kwa chokaa, maana saruji inaziharibu. Kwako wewe, udongo mzuri uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwa, au chokaa kama unaipata, ni bora kuliko mfuko wa saruji uliokopa. Saruji yako iweke chini, kwenye msingi na kwenye njia ya maji kuzunguka nyumba.

Utaniuliza, bwana shamba, miezi miwili tulale wapi? Mlale humo humo, kama ukuta umesimama sawa. Ukuta uchi hauna sura nzuri, lakini hauui. Vitanda viwe mbali na kuta, magodoro yaliyolowa maji ya mafuriko yasirudi ndani. Kinachoua ni hiki: kuwasha jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha ili ukuta ukauke haraka. Nimesikia mafundi wakishauri hivyo. Hewa ya mkaa haina harufu na haimwamshi aliyelala. Na ukuta wenyewe ukipigwa moto ghafla unapasuka. Upepo na muda ndivyo vinavyokausha, vyote havikutozi kitu.

Basi wakati wa kumlipa fundi umefika. Umpateje?

Usimchague kwa nyumba mpya aliyojenga. Mwambie akuonyeshe nyumba aliyoikarabati baada ya mafuriko yaliyopita, iliyokwisha kupita msimu mmoja au miwili wa mvua, kisha ongea na mwenye nyumba bila yeye kuwepo. Cheti cha VETA ni kizuri, lakini wapo mafundi wa mtaani wasio na cheti wanaojua ukuta kuliko wenye vyeti. Mtazame anapokuja mara ya kwanza. Akianzia chini, akachimbua kidogo pembeni ya msingi, akatoa timazi yake na kuipima kona, akachoma ukuta kwa msumari huku na huku, huyo amekuja kufanya kazi. Akianza kwa kukuuliza unapenda rangi gani, mpe maji ya kunywa, mshukuru, aende.

Kama ni kampuni, uliza wamesajiliwa wapi. Makandarasi wa ujenzi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na usajili huo unaweza kuuulizia kwenye bodi yenyewe. Uliza ofisi yao iko wapi na kama watatoa risiti ya EFD. Namba ya simu na gari lenye maandishi mlangoni si ofisi. Kuna mama mmoja mwenye duka la rejareja katika kata jirani na yangu aliyetoa nusu ya hela kwa watu wa namna hiyo. Walileta mifuko michache ya saruji na ndoo mbili za rangi, wakapaka chumba cha mbele siku mbili, wakaenda "kufuata vifaa". Hadi leo hawajarudi, na mtaji wa duka ndio ulikuwa humo. Siyo kwamba mama yule hana akili. Alikuwa amechoka, watoto wako kwa jirani, na mtu anasimama mbele yako anasema nitakumalizia yote. Ndiyo maana nasema uamuzi huu uufanye leo ukiwa mkavu.

Malipo yaende kwa hatua. Tuseme ufundi peke yake mmekubaliana 300,000. Vifaa nunua mwenyewe, vikae kwako, utoe kwa siku. Ukishamaliziwa msingi na mtaro wa maji, toa 100,000. Sakafu ikiisha, 80,000. Lipu ikiisha, 70,000. Zile 50,000 za mwisho zibaki mpaka lipu imekaa wiki mbili na hujaona ufa. Fundi wa kweli atalalamika kidogo kisha atakubali, akikuomba hela ya chakula ya kila siku mpe na uiandike. Asiyekubali hatua hata moja anajua kitu ambacho wewe hukijui.

Andikeni karatasi, hata ukurasa mmoja wa daftari: majina, namba za NIDA, kazi ipi, bei, hatua za malipo, nani ananunua vifaa. Nakala mbili, mashahidi wawili, mtendaji agonge muhuri. Mzee mmoja aliniambia kumwandikisha fundi karatasi ni kumtukana. Mimi naona ni kumheshimu, kwa sababu yeye pia karatasi inamlinda na mwenye nyumba anayekataa kulipa, na hao wapo wengi kuliko mnavyokiri. Mkishindwana, Mahakama ya Mwanzo inauliza karatasi kabla ya maneno.

Jambo dogo lenye hasara kubwa ni mchanga. Mafuriko yanaacha mchanga wa bure mlangoni na kila fundi anautamani. Uupime kwanza. Jaza nusu ya chupa ya maji yenye kioo safi, ongeza maji, tikisa sana, iache itulie usiku mzima. Mchanga utakaa chini na tope laini juu yake. Tope likizidi kama sehemu moja ya kumi ya kilichotuama, mchanga huo uoshwe au uachwe. Lipu ya mchanga wenye tope inapasuka na kubanduka hata saruji iwe nyingi.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu. Kama hela haitoshi vyumba vyote, na huwa haitoshi, stoo ya nafaka itengenezwe kabla ya sebule. Wababa wengi hapa tunatofautiana, akina mama wananielewa. Mvua za masika zinakwisha Mei, mahindi yanaanza kuingia Juni na Julai. Yaani ukuta wa stoo una muda huo mfupi tu wa kukauka. Ukiingiza magunia kwenye stoo inayotoa unyevu, magunia yanayogusa ukuta na sakafu yanapata joto na ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, si hadithi za semina. Kuchemsha ugali hakuiondoi. Panga magunia juu ya chaga, nafasi ya kupita mtu kati ya gunia na ukuta, na mahindi yawe makavu. Kipimo cha chumvi mnakijua: chumvi kavu na mahindi ndani ya chupa kavu, tikisa dakika chache, chumvi ikishika kwenye chupa, hayajakauka.

Na mahindi yaliyokwisha kulowa maji ya mafuriko? Wafanyabiashara, hapa naongea na ninyi. Msiyanunue kwa bei ya chini, mkayaanika, mkayachanganya na mazuri. Maji yale yana kinyesi, mafuta ya gari, na kama kulikuwa na duka la pembejeo juu ya mto, yana dawa za wadudu. Wala pombe ya kienyeji si suluhisho, wala kuku. Yafukieni. Najua ni maneno magumu kwa mtu aliyekopa mtaji, lakini siwezi kuandika vinginevyo.

Mwisho kuna nyumba ambazo sikushauri uzikarabati kabisa. Kama maji yameingia mara tatu katika miaka kumi, na mto uko hatua chache kutoka jikoni, fundi mzuri kuliko wote hatakusaidia. Sheria inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mnajua wengi wetu tuko ndani ya hizo 60. Kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji, pima hatua zako na umuulize mtendaji kama kijiji kina maeneo ya kuhamia juu. Najua makaburi ya wazee yako hapo, na bustani ya mbogamboga haiko mbali na maji bila sababu. Shamba libaki bondeni, ulime, uvune. Nyumba ndiyo ipande. Bati, kenchi, milango na fremu za madirisha vinabebeka, na fundi wa kuvishusha bila kuvitoboa analipwa kidogo kuliko wa kupiga lipu. Kwa kazi hiyo, mlipe siku hiyo hiyo akimaliza, na uhesabu bati kabla hazijapanda kwenye mkokoteni.